Sigrid Undset: Mwandishi Aliyesubiri Watoto Walale

Mwenyekiti, walimu wangu, wasomaji wenzangu, na vijana mlioacha mpira wa jioni hii ili kuja kusikia habari za mama wa Kinorwei aliyekufa zamani: ahsanteni sana.

Mwanamke ninayemzungumzia leo hakupenda hotuba. Desemba 1928 alikuwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya fasihi. Ulipofika wakati wake wa kusema mezani, aliwaambia wenyeji wake kwamba kuandika kunamjia kwa urahisi kuliko kusema, na kwamba kujizungumzia mwenyewe ndiko hasa hakupendi. Akafikisha salamu za Norwei kwa Sweden, akaketi. Basi. Sasa mimi, nisiyeandika hata robo ya alivyoandika yeye, nimekuja kumsemea. Mtanivumilia.

Norwei wengi wetu tunaifahamu kwa mafuta, kwa samaki na kwa miradi ya misaada. Waliosoma tamthilia wamekutana na Ibsen. Sigrid Undset hatajwi sana huku kwetu, na naona tunapunjika, kwa sababu mambo aliyoandika ni yale yale yanayojaza vikao vya familia zetu: binti kamkataa mchumba aliyechaguliwa na baba, mimba imetangulia harusi, mke anaendesha shamba huku mume akicheza na siasa, ndugu hawasemezani kwa ajili ya urithi. Tofauti ni kwamba yeye aliwavisha watu wake nguo za karne ya 14.

Alizaliwa 20 Mei 1882 huko Kalundborg, Denmark, nyumbani kwa wazazi wa mama yake, Charlotte Gyth. Alikuwa na umri wa miaka miwili familia ilipohamia Kristiania, mji ambao leo unaitwa Oslo. Baba yake, Ingvald Undset, alikuwa mwanaakiolojia mwenye sifa Ulaya nzima kwa utafiti wake juu ya mwanzo wa Zama za Chuma kaskazini mwa bara hilo. Watoto wa nyumba nyingine walichezea vikaragosi. Sigrid alipewa na baba yake ashike farasi mdogo wa udongo aliyefukuliwa Troya, mji wa kale. Wazazi wengi tungemfungia farasi yule kabatini na kumpiga mtoto makofi ya mikono akimkaribia. Ingvald alimwachia. Nadhani hapo ndipo msichana yule alipojifunza kwamba watu wa kale walikuwa na mikono kama yake, na kwamba kitu walichokishika wao naye anaweza kukishika.

Baba aliugua kwa muda mrefu, akafariki mwaka 1893 akiwa na miaka 40 tu. Sigrid, mkubwa kati ya mabinti watatu, alikuwa na miaka 11. Mama akabaki mjane na pensheni ndogo, na nyumba ikabana. Shule aliyosoma ilimpa nafasi ya bure, lakini hakutaka kuendelea na masomo ya juu. Akasoma ukarani mwaka mmoja, na akiwa na miaka 16 akaingia ofisini, kwenye kampuni ya Kijerumani ya mambo ya umeme mjini Kristiania. Alikaa hapo miaka 10.

Vijana, hapo pasikilizeni vizuri. Miaka 10 ya kuchapa barua za watu wengine! Mchana ofisini, usiku na Jumapili kwenye meza yake mwenyewe, akisoma masimulizi ya kale ya Kiaislandi na kuandika riwaya kuhusu Zama za Kati. Mwaka 1905 akaipeleka kwa mchapishaji mkubwa wa Copenhagen. Ikarudishwa na ushauri: usijaribu tena riwaya za kihistoria, huziwezi, labda ujaribu kitu cha siku hizi. Mtu aliyekuja kupata Nobel kwa sababu ya riwaya za kihistoria aliambiwa na mtaalamu kwamba riwaya za kihistoria si fani yake. Simsemi vibaya mhariri yule, huenda ule mswada kweli ulikuwa mbovu. Ila nawaomba mlioko hapa na barua za kukataliwa mifukoni mwenu msizichane.

Akatii kwa muda. Mwaka 1907 ikatoka riwaya yake ya kwanza, *Fru Marta Oulie*, na sentensi yake ya kwanza ni ya mke anayekiri kwamba hakuwa mwaminifu kwa mume wake. Hakuna utangulizi wala mandhari ya milima. Mwaka 1911 ikafuata *Jenny*, habari za msichana mchoraji aliyekwenda Roma kutafuta sanaa na mapenzi makubwa, akapata mapenzi madogo, akazaa mtoto, mtoto akafa, na mwisho akajiua. Watu walipiga kelele. Waliotetea maadili walikasirika, na waliotetea haki za wanawake nao walibishana juu yake, maana Jenny alikuwa na uhuru wote waliokuwa wakiudai na bado uhuru ule haukumponya. Tangu siku hizo Undset hakukaa vizuri katika kambi ya mtu yeyote. Nitarudi hapo.

Roma yenyewe aliifahamu. Alifika huko mwaka 1909 kwa ruzuku ya waandishi, na huko akakutana na mchoraji Anders Castus Svarstad, mtu mzima aliyekuwa na mke na watoto watatu nyumbani Norwei. Walisubiri talaka yake, wakafunga ndoa mwaka 1912 mjini Antwerp. Mtoto wao wa kwanza, Anders, alizaliwa Roma mwaka 1913. Wa pili, Maren Charlotte, ambaye nyumbani walimwita Mosse, alizaliwa mwaka 1915, na haukupita muda ikajulikana kwamba ana kifafa na kwamba akili yake haitakua kama ya wenzake. Watoto wa kambo nao wakaja kukaa nao, na mmoja wao pia alikuwa na ulemavu wa akili. Mume alikuwa msanii mwenye kazi zake na fikra zake. Mzigo wa nyumba, mnajua wenyewe ulimwangukia nani.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Sigrid Undset alilea mchana kutwa, na watoto walipolala, alichemsha kahawa nzito, akawasha sigara, akaanza kazi. Vitabu vyake vikubwa viliandikwa hivyo, usiku wa manane, na mwanamke aliyekuwa ameshachoka kabla hajashika kalamu. Msije mkadhani nasifu uchovu. Mtu kama yule alistahili siku nzima ya kazi yake na mtu wa kumsaidia nyumbani, na alipopata pesa alihakikisha anaye. Nataja tu ili tujue kurasa zile zilitoka wapi.

Mwaka 1919 alihamia Lillehammer na watoto wake wawili akiwa na mimba ya wa tatu. Ilisemekana ni kwa muda, apumzike. Mtoto, Hans, akazaliwa Agosti, na ndoa haikurudi tena. Akanunua nyumba, akaongezea nyumba za magogo za kale zilizobomolewa kwao katika bonde la Gudbrandsdalen na kuunganishwa upya uani pake, akapaita mahali pale Bjerkebæk. Ndani ya miaka mitatu tu, huku ndoa ikivunjika, mtoto mchanga akilia na binti akihitaji uangalizi wa kila saa, akatoa juzuu tatu za *Kristin Lavransdatter*: *Kransen* mwaka 1920, *Husfrue* mwaka 1921, *Korset* mwaka 1922. Ni zaidi ya kurasa elfu moja.

Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana hiki ndicho kitabu kilichonifanya niombe kuzungumza leo.

Kristin ni binti wa Lavrans, mkulima mwenye heshima, mcha Mungu, baba ambaye kila msomaji anatamani angekuwa wake. Lavrans amempatia mchumba, Simon, kijana mzuri wa tabia na mali, na Kristin hana ubaya naye. Kisha anakutana na Erlend Nikulaussøn, mtu mzima mwenye sura ya kuua na historia mbaya: ameishi na mke wa mtu, amezaa naye, ametengwa na Kanisa. Mnaweza kukisia. Kristin anamtaka Erlend na hataki mwingine. Baba anakataa, anakataa, mwisho anachoka na kuridhia.

Sasa fikeni kwenye harusi. Kristin anavishwa taji la bibi harusi, nywele zimeachiwa mabegani, alama ya mwanamwali. Chini ya nguo zile ana mimba. Anajua yeye na anajua Erlend. Wageni wanakula na kunywa. Na usiku ule ule Lavrans, ambaye macho yake yameshafunguka, anabaki na mke wake Ragnfrid. Mwandishi wa kawaida angetupa hasira za baba. Undset anafanya jambo lingine kabisa. Ragnfrid, mke wa miaka mingi, mama aliyezika wana watatu wachanga, anachagua usiku huo kumwambia mume wake kwamba yeye mwenyewe alipoolewa naye hakuwa mwanamwali. Amekaa na siri hiyo ndoa nzima. Mwanamume yule, aliyedhani anahuzunika kwa ajili ya binti yake, anagundua kwamba hata nyumba yake hakuijua. Juzuu ya kwanza inaishia hapo, na nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa muda bila kuongea na mtu.

Halafu inakuja ndoa yenyewe, na hapo ndipo waandishi wengi wa mapenzi huweka nukta. Yeye ndipo anapoanza. Kristin anafika Husaby, shamba la Erlend, anakuta uchafu, wafanyakazi wavivu na ghala tupu. Anazaa wana, mmoja baada ya mwingine, anakuza saba. Anafufua shamba. Mume anaingia katika njama za siasa na kupoteza mali yote. Na kila wakigombana, Kristin anamrushia makosa ya ujanani. Hajui kusahau! Hili Undset analionyesha bila huruma: mke mchapakazi, mwenye haki karibu katika kila ugomvi, anayeharibu ndoa yake kwa kuhifadhi kila kosa kama risiti. Mwishoni Kristin mjane anakwenda Nidaros, yaani Trondheim, kuishi na watawa, na mwaka 1349 tauni inapoingia anakufa baada ya kuokoa mtoto ambaye watu wenye hofu walitaka kumzika hai kama kafara.

Kuna mtoto mwingine katika juzuu ya kwanza, Ulvhild, mdogo wake Kristin, anayeangukiwa na gogo akiwa bado mdogo na kubaki mlemavu hadi kufa kwake. Sitaki kusema Ulvhild ni Mosse. Riwaya hazifanyi kazi hivyo. Lakini ukisoma jinsi mama yake Ulvhild anavyomwangalia mtoto yule, unajua mwandishi hakwenda maktaba kutafuta habari hizo.

Maktaba alikwenda kwa mengine. Sheria za ndoa, jinsi ya kupika bia, siku za watakatifu, majina ya vyombo, haki ya mwana wa haramu: yote aliyasoma, akiwa binti wa baba yake. Ila imani yake juu ya historia aliiweka wazi mapema, mwaka 1915, mwishoni mwa kitabu alichosimulia upya habari za mfalme Arthur: kwamba mila na desturi hubadilika sana, imani za watu hubadilika, lakini mioyo ya watu haibadiliki hata kidogo siku zote. Wanahistoria wengi watabisha, na mimi mwenyewe sina hakika kama ni kweli kwa kila jambo. Nina hakika tu kwamba bila kuamini hivyo asingeweza kuandika alichoandika.

Nilisema nitarudi kwenye kambi. Mwaka 1919 alitoa pia kitabu cha insha kuhusu wanawake, na humo aliwakosoa wanaharakati wa wakati wake, akaweka umama na nyumba juu ya karibu kila kitu. Ndiyo maana leo wapo wanaompenda kwa kusema mwanamke akae nyumbani, na wapo wasiomgusa kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili wanasahau kuangalia maisha yake. Alijilipia mkate tangu miaka 16. Alimwacha mume. Alijenga nyumba kwa pesa ya kalamu, akaongoza chama cha waandishi wa nchi yake kuanzia katikati ya miaka ya 1930, akaingia kwenye siasa za dunia kwa sauti kubwa kuliko wanaume wengi. Je, alikuwa mnafiki? Mimi naona alikuwa mtu aliyetaka kwa dhati nyumba yenye baba, mama na watoto wenye afya, hakuipata, na hakukubali kujidanganya kwamba hakuitaka. Kristin alitoka kwenye ufa huo. Mtu mwenye maisha yaliyolingana na insha zake asingeweza kumwandika.

Mwaka 1924 aliingia Kanisa Katoliki. Norwei ilikuwa nchi ya Kilutheri, Wakatoliki wakiwa wachache mno, na mwandishi maarufu kuhama dini ilikuwa kashfa ya magazetini. Kanisa lake jipya halikuitambua ndoa yake, kwa kuwa Svarstad alikuwa na mke wa kwanza aliye hai, hivyo ndoa iliyokwisha kufa ikafutwa rasmi. Kati ya 1925 na 1927 akatoa riwaya nyingine ndefu ya Zama za Kati, juu ya Olav Audunssøn, ambayo baadhi ya wahakiki wanaiweka juu ya *Kristin*. Mimi simo kati yao, lakini wasikilizeni.

Kisha Nobel ya 1928. Alikuwa Mnorwei wa tatu kuipata katika fasihi, baada ya Bjørnson na Hamsun, na mwanamke wa tatu duniani. Pesa zote alizitoa. Sehemu kubwa ikawa mfuko wa kusaidia familia zinazolea nyumbani watoto wenye ulemavu wa akili. Alijua gharama zake. Alikuwa na Mosse chumba cha pili.

Na medali? Januari 1940, Finland ikiwa imevamiwa na Urusi ya Stalin, aliitoa medali ya dhahabu kusaidia Wafini. Nataka mlinganishe na jambo moja. Knut Hamsun, Mnorwei mwenzake, mwandishi wa kipaji ambacho hata adui zake hawakanushi, naye aliitoa medali yake ya Nobel. Aliituma kwa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, mwaka 1943. Nchi moja, tuzo moja, vita moja. Walimu wa fasihi tukiulizwa kama kipaji humfanya mtu kuwa mwema, tuwe na medali hizo mbili akilini.

Undset alikuwa amewapinga Wanazi tangu mapema, nao waliufahamu msimamo wake, vitabu vyake vikapigwa marufuku Ujerumani. Ilipofika Aprili 1940 na majeshi ya Hitler yakatua Norwei, ilibidi akimbie. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amemzika Mosse, na mama yake mzazi mwaka huo huo. Sasa mwanawe mkubwa Anders, afisa kijana wa jeshi, aliuawa 27 Aprili kwenye mapigano ya daraja la Segalstad, Gausdal, umbali mfupi tu kutoka nyumbani. Mama alipata habari akiwa amekwisha kuvuka kwenda Sweden. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sina cha kuongeza.

Akiwa na Hans, mtoto pekee aliyebaki, alivuka Urusi yote kwa treni hadi Vladivostok, akapita Japani, akafika Marekani. Akakaa Brooklyn miaka yote ya vita, akiandika na kuhutubia, yeye asiyependa hotuba, kwa ajili ya nchi yake. Alikuwa mkali mno. Vita ilipokwisha aliandika juu ya Wajerumani kana kwamba taifa zima limeoza kwenye mzizi, na mwanafalsafa Karl Jaspers, Mjerumani aliyekuwa ameteswa na Wanazi kwa sababu ya mke wake Myahudi, alimjibu hadharani mwaka 1945 kwamba kulihukumu taifa zima kwa jumla si haki. Nakubaliana na Jaspers. Na bado sidhani ningekuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo mama yake Anders ana kwa ana.

Alirudi Bjerkebæk mwaka 1945. Mwaka 1947 mfalme alimpa nishani kuu ya Mtakatifu Olav, mwanamke wa kwanza asiye wa ukoo wa kifalme kupewa daraja hiyo. Alifariki 10 Juni 1949, akiwa na miaka 67. Kaburi lake liko Mesnali, nje kidogo ya Lillehammer, pamoja na Anders na Mosse, misalaba mitatu myeusi ya chuma.

Yaliyobaki nitayataja haraka. Sura yake ilikaa miaka mingi kwenye noti ya kroni 500. Serikali iliinunua Bjerkebæk kutoka kwa familia miaka ya 1990, na tangu 2007 ni makumbusho, pamoja na bustani yake, maana alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea. Liv Ullmann, mwigizaji na mwongozaji wa Kinorwei, alitengeneza filamu ya *Kristin* mwaka 1995, na shamba lililojengwa kwa ajili ya filamu hiyo huko Sel limebaki likipokea wageni, watu wanatembelea nyumba ya mwanamke ambaye hakuwahi kuishi. Hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko noti.

Wanaotaka kuanza: kwa Kiingereza kuna tafsiri mbili za *Kristin*. Ile ya miaka ya 1920 ina Kiingereza cha kujifanya cha kale, itawachosha. Chukueni ya Tiina Nunnally. Kurasa za mwanzo zina majina mengi magumu, msizihofu, yatazoeleka kabla hamjafika kwenye harusi. Na asiye na muda wa juzuu tatu aanze na *Jenny*. Nakala yangu nimekuja nayo, iko pale mezani. Atakayeiazima aandike jina kwa katibu.

Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali yaje, na mtu asiniombe kutamka majina ya Kinorwei mara ya pili.